Barabara ya Kumi na Tisa

Nimeandika neno moja, hakiki,
nikabonyeza.
Mashine ikajibu kama karani anayetaka kwenda kula:
hakiki: amri haikupatikana.

Nilikisakinisha jana usiku, kwa bando langu mwenyewe.
Nikakisakinisha tena.
"Kipo tayari," ikasema.
Kipo wapi, basi?
Hakiki.
Amri haikupatikana.
Kinywa kile kile, dakika ile ile.
Kwetu Pongwe mtu wa namna hii hatumwiti mwongo,
tunamwambia, shoga, keti kwanza unywe maji.

Chini ya dirisha Ngamiani inauza betri, vitenge, sabuni ya mche.
Juu huku ni mimi, feni yenye pangaboi moja bovu,
na mkonge wa wakulima mia tatu na kumi
uliogeuka tarakimu.
Wiki iliyopita programu yangu ilimlipa Bi Mwanatumu
marobota kumi na saba.
Alileta sabini na moja.
Hakupiga kelele. Alisema tu,
"Tunu mwanangu, mgongo wangu unajua hesabu
kuliko hiyo kompyuta yako."
Nikaapa: haitoki namba humu bila kupimwa.
Na leo kipimo chenyewe hakionekani.

Nikatukana, kwa Kibondei,
lugha ambayo mashine haijafundishwa.

Simu ikalia. Mbaruku wa bodaboda, na bahasha kutoka Muheza.
"Dada, ofisi yako haipo."
"Haipo vipi, nami nimo ndani?"
"Nimepita barabara ya kumi na mbili, ya kumi na tatu,
ya kumi na nne. Nimeuliza hadi kwa fundi cherehani. Haipo."
"Nani kakwambia uishie ya kumi na nne?"
"Ndizo nilizoandikiwa."
Njoo ya kumi na tisa, nikasema,
kisha nikanyamaza, simu sikioni,
hata akauliza, "Dada, upo?"

Nipo.
Ila simo kwenye karatasi yake.

Nikaiuliza mashine: wewe ukitafuta, hupita wapi?
Ikanitajia mitaa yake, nukta mbili kati ya mmoja na mwingine,
mitaa ya wakubwa yote, ya mfumo, iliyofagiwa.
Chombo changu kilikuwa kimepanga uani,
kwenye folda ya siri nyuma ya jina langu,
jina lake likianza kwa nukta, kama nyumba isiyo na kibao.
Haikunidanganya. Ilipita ilikoandikiwa, ikarudi, ikaripoti.
Mimi ndiye niliyesikia "hakipo"
iliposema "sikukiona."

Nikaongeza mtaa. Mstari mmoja tu.
Na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
pale ambapo mashine haisomi lakini mtu husoma,
nikamwachia atakayekuja kukalia kiti hiki:

*Chombo hakikupotea, njia ndiyo ilokoma;*
*mtaa nimeutia, pita bila ya kuhema.*

Nikahifadhi.
Hakiki.
Amri haikupatikana.

Hapo, kweli, niliiangalia dirisha la nje
nikapima kimo chake kutoka ghorofani.
Kumbe kosa ni la dirisha la ndani:
lilifunguliwa asubuhi, linashika orodha ya asubuhi.
Aliyetoka nyumbani kabla ya habari, utamlaumu nini?
Nikalifunga. Nikafungua jingine.

Hakiki.

Kimya. Kishale kinapepesa.
Kisha vipimo vikaanza kushuka, kijani, kijani,
kijani, nikakaribia kuchoka kuvitazama,
na cha kumi na nane, chekundu:
nilitarajia sabini na moja, nimepata kumi na saba.

Mlangoni Mbaruku anapangusa viatu,
bahasha imelowa pembe moja.
"Unacheka nini, dada?"
Nimekosea, nikamwambia.
Na sasa napajua mahali penyewe.