Mshenga wa Chuma

Platinamu ni mshenga wa kifahari:
haendi posa bila suti, bila gari,
na kichupa chake, kifupi kuliko kidole gumba,
kinameza karo ya Sikudhani muhula mzima.

Sisi tulishuka Gerezani.
Kwa Pazi, muuza vyuma chakavu,
tukapimiwa misumari yenye kutu, nusu kilo.
Akauliza tunajenga nini.
Sikudhani akajibu: "Mfuko."
Pazi alicheka mpaka mizani ikatikisika.

Maabara ya Mlimani, ghorofa ya pili.
Misumari tuliiyeyusha kwa asidi,
ile chumvi ya kijani tukaivika nguo za kaboni,
tukaituma kwenye posa:
huku alkoholi ya mafuta ya mbarika,
huku silani, asiyestahimili hewa wala unyevu.
Kazi ya mshenga ni kusogeza viti.
Akishawakutanisha huondoka,
haombi chumba, haachi jina mlangoni.

Mara ya kwanza: chai ya rangi.
Mara ya tatu umeme ulikatika saa nane,
nitrojeni ikaisha, tukatafuna karanga gizani.
Ya sita, viputo vya hidrojeni vikapanda
na kikorogeo kikagoma kuzunguka:
nzito,
kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu.

Usidhani najisifu.
Mimi fundi wa maabara tu, naosha chupa.
Lakini kwetu Kigogo, Aprili ile,
Msimbazi uliingia hadi kitandani kwa mama,
na kilichoziba mtaro
kilikuwa mfuko wa chumvi wa mwaka nilioanza shule,
maandishi yake bado yanasomeka.
Ndoa ile haijui talaka.

Hii yetu imefungwa na talaka yake ndani:
silikoni kamshika oksijeni, oksijeni kamshika kaboni,
na maji yenye uchachu kidogo
yakibisha hodi usiku baada ya usiku
fundo linalegea.

Tuliweka kipande kwenye maji ya mtaro,
ndani ya kopo la mtindi.
Siku ya kumi na tisa kikawa ukungu,
chini masalia meupe.
Sikudhani kayasugua kati ya vidole.
"Mchanga," kasema, na hakusema zaidi.

Kopo la pili, kipande bado kizima.
Maji yale yale, misumari ile ile. Hatujui.
Kesho narudi kwa Pazi,
na najua ataniuliza
kama mfuko umeshakwisha,
nami nitashindwa kumjibu
ni kwisha kupi anakokusudia.