Thelathini Iliyobaki

Kazi yangu ni neno "huenda".
Nalipwa mwisho wa mwezi kulilinda.

Mbale, ghorofa ya pili. Nyuma ya ukuta wangu
mashine arobaini zinahema usiku kucha,
zinapulizwa baridi ya kiyoyozi
ilhali Okiror anayezilea
amelala kitini, shati limelowa jasho.
Umeme ukikatika hushuka ngazi mbilimbili
na dumu la dizeli mkononi,
na mvua yote ya Mlima Elgon,
iliyokwisha kupigiwa hesabu hadi Alhamisi,
husimama hewani, ikimngoja.

Daktari Khainza huniletea tarakimu
kama mtu aletaye yai: kwa mikono miwili.
Mto Manafwa. Siku tatu. Asilimia sabini.

Nikaandika: Mto utafurika.
Akafuta kwa wino mwekundu: huenda ukafurika.
Nikaandika: Mashine inasema.
Akafuta. "Mashine haisemi, inahesabu.
Anayesema ni wewe."
Nikaandika: Mto una hasira.
Hilo hakulifuta. Alinitazama tu,
nikalifuta mwenyewe.

Redioni Mugoya ana sekunde ishirini
kati ya tangazo la mabati na matokeo ya mpira.
Neno la kwanza kulikata lilikuwa langu.
"Huenda inakula muda," alisema,
"na inawapa watu usingizi."
Mto utafurika, akatangaza,
kwa Lunyole, kwa Lugwere, kisha kwa Kiswahili,
Kiswahili chetu hiki cha sokoni
ambacho kila mtu hapa ni mgeni wake,
basi hakuna wa kumfukuza mwenziwe.

Butaleja wakahama.
Logose alivuna mpunga mbichi, nusu ekari,
punje laini kama meno ya mtoto,
akaupeleka shule ya msingi
pamoja na mbuzi wanne, godoro,
na mama mkwe asiyetaka kubebwa.
Alhamisi ikaja. Jua likaja nayo.
Ijumaa mto ulipita ndani ya kingo zake
kama mtu aliyesingiziwa, asiyetaka ugomvi.

Jumatatu nikatumwa kueleza.
Nilibeba karatasi yenye miraba mia:
sabini ya buluu, thelathini myeupe.
Logose aliitandaza juu ya ndoo iliyofunikwa
akaihesabu kwa kidole, yote mia. Sikumkatiza.
Mpunga ulikuwa ukichacha juu ya turubai.
"Hii myeupe mlikuwa nayo tangu siku ile?"
Ndiyo.
"Mbona redioni sikuisikia?"

"Hatukukosea," alisema Khainza niliporudi.
Na kweli hatukukosea.
Jaribu kulieleza hilo
kwa mwenye nusu ekari ya mabua.

Wiki mbili baadaye, tarakimu nyingine: arobaini.
Sikuandika asilimia. Niliandika:
Zikija siku kumi kama ya kesho,
siku nne mto hutoka, siku sita hubaki.
Kesho ni ipi kati ya hizo, hatujui.
Nilisimama mbele ya Mugoya na saa ya mkononi,
nikamsomea. Sekunde kumi na tatu.
Alikuna kidevu. "Hatujui," akasema,
"hilo sijawahi kulisoma hewani."
Akalisoma.

Saa tatu usiku simu ikalia.
Namba ngeni, nyuma yake mbuzi analia.
"Nimezisikia nne, nimezisikia sita," alisema Logose.
"Ungekuwa wewe?"

Nyuma ya ukuta mashine zilikuwa zikihema.
Okiror alikuwa akipima dizeli kwa kijiti.
Nilikuwa na ramani, nilikuwa na mchoro,
nilikuwa na ukurasa mzima wa tahadhari
uliopitishwa na watu watatu kwa sahihi.

Ningehamisha mbuzi, nilimwambia.
Mpunga ningeuacha.

Hilo halikutoka kwenye mashine.
Daktari sijamwambia.