Shashi Kumi na Tisa

Kabla ya mshono wa mwisho, nahesabu.
Ndiyo kazi yangu hapa Hoima, mwaka wa kumi na mmoja sasa:
kuchemsha koleo na mikasi,
kupanga visu kama vijiko vya arusi,
kukumbuka kila kilichoingia ndani ya mtu
ili nikidai kitoke.

Usiku huu ziliingia shashi ishirini.
Nazitenganisha kwenye beseni, kwa ncha ya kidole,
zimelowa, zimeshikamana:
kumi na tisa.

"Rudia," asema Daktari Birungi, hainui kichwa.
Narudia.
Kumi na tisa.

Kahunde amelala, tumbo wazi,
mke wa mpasua mbao wa Budongo.
Saa tatu nzima mama mkwe alituzibia mlango:
kwao mwanamke huzaa, hapasuliwi,
kinachopasuliwa ni mbao.
Tukampigia mume. Msumeno ulinguruma nyuma yake.
"Mimi nikipasua gogo," akasema, "sijawahi kulirudisha likawa gogo.
Nyinyi mnaweza?"
Tukasema tunaweza.
"Haya."
Uzi ukanunuliwa duka la dawa ng'ambo ya barabara,
kwa pesa ya mbuzi jike mwenye mimba.

Bibi yangu alikuwa akisema
hapa hapa Bunyoro, kabla ya lami, kabla ya mabomba ya mafuta,
palikuwa na watu wa kisu kilichopinda.
Mvinyo wa ndizi: mwingine anyweshwe mama,
mwingine unaweshe mikono na tumbo.
Chuma cha moto kikagusa mshipa, damu ikanyamaza.
Misumari myembamba ikafunga jeraha,
nyuzi za magome zikazungushwa,
juu yake mizizi iliyotafunwa na jani la mgomba lililobabuliwa.
Nasikia mgeni mmoja alisimama pale na daftari.
Aliandika kisu, aliandika misumari.
Jina la mama, sijui kama aliuliza.
Mimi namfikiria mwingine kabisa:
yule aliyepiga magoti siku misumari ilipong'olewa,
akaipanga kiganjani, mmoja, wa pili, wa tatu,
asithubutu kupepesa.
Lazima alikuwepo. Daima yupo mtu wa hesabu.

Mkono wa daktari umerudi ndani,
unapapasa nyuma ya mfuko wa uzazi, kando ya utumbo,
kama mtu anayetafuta funguo gizani nyumbani kwake.
Isingoma wa ganzi anasoma mapigo: mia na ishirini. Mia na thelathini.

"Mnatafuta nini?"

Tulisahau. Ganzi ni ya mgongoni; masikio ni mazima.
Wote kimya. Nikamwita kwa jina lake la heshima:
"Kitambaa, Adyeri."
"Kikubwa?"
"Kama kiganja."
Akawaza. Mtoto alikuwa akilia kwenye kona, hajui hesabu.
"Mama mkwe asisikie," akasema.
"Atasema alijua."

Nilirudi nyuma nusu hatua, nifikie beseni tena,
na gambuti langu la kushoto likatoa sauti,
chwaa,
sauti ndogo, ya aibu.
Nikainua mguu.
Ya ishirini.

Daktari hakucheka. Hakunitukana.
"Andika," akasema, na akaanza kushona,
na mkono wangu ukaandika ishirini
kwa tarakimu zilizopinda kama kisu kile.

Siku ya tatu, bandeji ilipobadilishwa, mume alikuwa amefika,
vumbi la mbao bado kwenye nyusi.
Mtoto alishambeba, alishamrudisha.
Akainama juu ya mshono, jicho moja amefumba,
jinsi wanavyopima ubao kama umenyooka.
Alikaa hivyo muda mrefu.
Kisha akauliza, si daktari, aliniuliza mimi niliyeshika trei:
"Na ndani, hamkuacha kitu?"

Nikatazama viatu vyangu.
"Hatukuacha," nikasema.
"Nilihesabu."