Kengele ya Rimu

Mkono huu una alama za meno, nane juu, sita chini.
Shemeji alipouliza, nikasema mbwa.
Nikamsingizia mbwa, Mungu anisamehe,
maana jina la Pazi likitajwa sebuleni kwetu
litatoka lenyewe, litatembea Kijichi nzima.

Darasa letu liko nyuma ya stoo ya majembe:
madawati sita, watoto kumi na mmoja,
dirisha moja linalotazama mchanga.
Ofisini wenzangu hunimiminia chai kwa huruma.
"Mwalimu Siwema, fimbo haijawahi kuua mtoto."
Nakoroga sukari. Nakoroga hata ikiisha kuyeyuka.

Hili kaunta buku la pili tangu Januari.
"Saa tatu kamili, amerusha kiti."
"Saa tatu kamili, amemng'ata mwalimu."
"Saa tatu kamili, amejifungia chooni."
Mwezi mzima naandika saa, saa yenyewe siisomi.
Mpaka usiku mmoja umeme umekatika,
kwa tochi ya simu, nikaona:
saa tatu ndipo kiranja hugonga rimu la lori,
chuma kwa chuma,
hatua kumi kutoka dirishani kwetu.

Asubuhi nikaenda na kanga kuukuu,
maneno yamefifia, limebaki "majirani" tu,
nikaizungushia nondo ya kugongea,
nikaikaza kwa mpira wa baiskeli.
Kiranja akacheka. Mwalimu mkuu akataka kujua
nani kaidhinisha kengele ivishwe nguo.

Saa tatu ikalia
kama mtu anayebisha kwenye chumba cha mgonjwa.
Pazi akaziba masikio.
Akashika kiti.
Akanitazama.
Miezi yote hii hajawahi kunitazama kwanza.
Kisha akakirusha,
ila upande usio na mtu.

Wiki ile ile akaja mthibiti ubora, viatu vimejaa mchanga.
Wangapi wanasoma? Wangapi wanahesabu? Asilimia?
Fomu yake haikuwa na kisanduku cha kutazama.
Nikaandika pembeni kwa penseli, herufi za sisimizi:
kiti kimeanguka mbali.

Jioni, kwa Azizi Ali, mama yake Pazi
alinifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, akakataa hela.
Hakuuliza kitu. Nami sikumwambia, sijui kwa nini.
Nikavila njiani, mafuta yakichuruzika mkononi
hadi kwenye yale meno kumi na manne,
yakachonyota kidogo.