Ukungu Umepimwa

Saa moja asubuhi, Tukuyu bado imejifunika.
Nimekita miguu mitatu ya mashine mbele ya ghala la kahawa;
kichwa chake kinazunguka kama cha bundi,
na kila kinachoguswa na mwanga wake
kinarudi kikiwa nukta.

Nukta milioni arobaini kabla ya chai.
Bati lenye kutu, boriti iliyoliwa na mchwa,
msumari ambao hakuna aliyewahi kuutazama.

Ukungu nao umepimwa.
Kwenye skrini umesimama katikati ya ua
kama ukuta mpya, hauna mlango.

Bi Tusekile, mshika funguo, anacheka:
"Huo ukuta nauvuka kila siku na ndoo kichwani."
Kisha anatia vidole viwili kwenye ufa wa kaskazini.
"Tangu tetemeko lile, limeachia hivi."
Mashine inasema milimita thelathini na nne.
Narudia. Zilezile.

Usiku, Mbeya, nasafisha vipimo:
nafuta ukungu, kuku, moshi wa jikoni.
Nafika kwenye kivuli cha kanga, nusu mtu,
mkono umezama ukutani.
Kanuni inataka nimfute.

Nimemwacha.
Jina la faili: vidole viwili.