Kidole Juu ya Mshipa

Usiku, kabla sijazima taa,
naweka kidole kwenye mkono wa kushoto wa Sirkka,
pale daktari alipounga mshipa na mshipa,
nasikiliza kwa ncha ya kidole.
Panavuma,
kama nyuki aliyefungiwa kibiritini.
Basi, yumo. Nalala.

Miaka thelathini na sita niliendesha lori la magogo
kutoka Kuhmo hadi bandari ya Oulu, barafu juu ya barafu,
mkono haukunitetemeka hata siku moja.
Siku ya kwanza kumchoma mke wangu
sindano nene kama msumari wa kiatu,
nilitoka nje nikatapika kwenye theluji,
nikafukia kwa buti, nikarudi.
"Mbona umechelewa?"
"Nilikuwa namwangalia mbwa."
Mbwa tulimzika mwezi wa nane.
Hakunisahihisha.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na Jumapili ikibidi:
maji yapimwe, mirija ifungwe, hewa itolewe,
uzito kabla, uzito baada.
Naandika kwenye daftari langu la zamani la dizeli:
penye lita naweka kilo,
penye kilomita naweka shinikizo la damu.
Safari ni ndefu. Lori halitoki sebuleni.

Maboksi yamejaa chumba alichokulia Marjut.
Marjut hupiga simu kila Jumamosi. Mama anaendeleaje?
Namsomea daftari, mstari kwa mstari,
polepole, mpaka muda wake uishe
asipate nafasi ya swali la pili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Dukani wananiambia: Taisto, umekonda,
imekupendeza.

Kiu yake ina kipimo. Nusu lita kwa siku.
Supu inahesabiwa, hata kipande cha barafu
anachokimung'unya akitazama taarifa ya habari kinahesabiwa.
Kwa hiyo kahawa yangu naenda kuinywa bandani,
nimesimama kati ya shoka na msumeno,
kama mwizi.
Juzi alinifuata. Koti juu ya gauni la kulalia,
buti zangu miguuni mwake.
"Nipe ninuse tu."
Nikampa. Akanusa mpaka mvuke ukaisha,
akanirudishia kikombe, kimejaa vilevile.
Sikuweza kukinywa, sikuweza kukimwaga.

Novemba mti uliangukia nyaya.
Mashine ikalia, kisha ikanyamaza,
na ule ukimya ndio ulionitisha,
maana damu yake ilikuwa nje, kwenye mirija,
nusu njia, haina pa kwenda.
Tochi mdomoni, nikazungusha mpini kwa mkono
kama nilivyofundishwa, bila pupa,
nikiirejesha nyumbani kwake mzunguko kwa mzunguko,
naye akihesabu kwa sauti nisije nikakimbia.
Tulipofika mia moja na kumi na nne akacheka gizani:
"Tangu unioe hujawahi kunisikiliza hivi."
Nilishindwa kujibu, nilikuwa na tochi mdomoni.
Nashukuru ile tochi.

Muuguzi Henriikka huja mara moja kwa mwezi kutoka Kajaani.
Hukagua mashine, maji, mkono wa Sirkka.
Safari hii alileta fomu, kurasa tano,
na chini kabisa, ukurasa wa mwisho:
"Mtunzaji anahitaji nini?"
Mstari mmoja, mfupi kuliko jina langu.

Nilikaa na kalamu. Nilitaka kuandika: usiku mmoja.
Usiku mmoja tu, mtu mwingine amsikilize nyuki,
mimi nilale kama gogo, nikorome,
niamke bila kuhesabu kitu.
Sirkka alikuwa meza ya pili, akijifanya anasoma gazeti.
Gazeti halikufunuliwa hata ukurasa mmoja.

Nikaandika: glavu, saizi kubwa.

Alhamisi yamefika maboksi sita.
Nimezijaribu. Zinanitosha barabara.