Uzi wa Eduvina

Hapa Punta Ceniza, kaskazini mwa Chile,
jangwa hushuka hadi majini bila kubisha hodi,
na Eduvina Araya anapasua samaki
juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye mapipa mawili.
Kitasa bado kipo. Hukitundikia kitambaa.

Mimi nimetumwa na chuo. Nina rula, mizani,
chupa za spiriti, daftari linalonuka shombo.
Swali langu liko ukurasa wa kwanza:
hergiya anapokua, tumbo lake linakuwaje?

Ananipa wa kwanza, sawa na kidole cha kati.
Utumbo mfupi, ulionyooka,
kama neno la mtoto: nipe.
Ndani, uduvi, miguu ya kaa, jicho la kitu fulani.
Mafuta hana. Ini lake ukucha.
Alichokula asubuhi, jioni kimeshakuwa mfupa.
Haweki. Amwekee nani?

Wa pili anajaza kiganja. Uduvi na majani vimechanganyika,
kama nyumba ya mtu aliyehamia jana.

Wa tatu anataka mikono miwili.
Wapo wasemao samaki hukunjwa angali mbichi;
huyu hakungoja mkono wa mtu,
amejikunja mwenyewe, kwa ndani,
mwaka juu ya mwaka, kona juu ya kona.

Rula yangu inashindwa. Eduvina anacheka kwa pua,
anatoa mfukoni uzi mwekundu wa kushonea nyavu,
anaufuatisha utumbo hadi mwisho,
anakata, anaunyoosha mlangoni:
samaki wanne, kichwa kwa mkia.
Mwani mtupu. Mweusi, mwekundu,
unachacha taratibu huko gizani
kwa vijidudu visivyoonekana, wapishi wasiolala.
"Nyama hupita mbio," anasema.
"Jani linataka kukaa na mtu."

Kisha ini: zito, rangi ya siagi.
Na mafuta meupe yamelala kati ya mikunjo
kama pesa iliyofichwa kwenye shuka.
Naandika: akiba.
Naandika: Agosti, kabla ya kutaga.

"Njoo Desemba," anasema,
"utalikuta ini limenywea kama soli ya kiatu.
Yote yameenda kwenye mayai."
Anapangusia kisu kwenye aproni.
Ana watoto watano, wote migodini, mbali na maji.
Jana nilimuuliza habari zao,
akanitajia majina, basi.

Saa sita tunakula.
Mimi nyama ya kopo, nimesimama, mara imekwisha.
Yeye mwani uliokaangwa na vitunguu,
anatafuna kwa upande wenye meno,
anatua, anaitazama bahari, anatafuna tena.

Uzi ameuning'iniza kwenye kitasa.
Sijauandika bado kwa sentimita.
Shakwe mmoja ameukazia macho tangu asubuhi,
anadhani ni utumbo.